Mkwaruzo wa Jani la Muwa

Msimu ule wa kukata miwa, watu wawili wa nyumba yetu waliumia mguu. Wa kwanza alikuwa baba. Panga lilimponyoka akiwa shambani kwake, Ruaha, likamchana ugoko hadi mfupa ukaonekana. Kidonda kilivimba, kikatunga usaha, kikanuka. Alichechemea kwa majuma mengi, akapanda gari kuja hospitali Mikumi, akasafishwa, akapewa sindano na vidonge, na taratibu kikafunga.

Wa pili alikuwa mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wa mama. Yeye alikatiza katikati ya miwa akitoka kuchota maji, na jani likamkwaruza kwenye shavu la mguu. Mtu yeyote aliyekulia Ruaha ana mikwaruzo ya namna hiyo mwilini. Hata damu ya kuchuruzika haikutoka. Alijipaka mafuta, akaendelea na kazi zake.

Wakati huo mimi nilikuwa naishi Mikumi, napika na kuuza chakula kando ya barabara kuu. Nilikuwa naosha masufuria mama aliponipigia simu.

"Mdogo wako analia mguu," alisema. "Nikiangalia, sioni kidonda cha maana. Wekundu kidogo tu. Lakini nikimgusa anapiga kelele mpaka majirani wanachungulia."

"Ana homa?"

"Anachemka. Nimeshampigia baba yako."

Baba alikuwa Kilosa, kwenye nyumba aliyoiacha babu, ambaye alifanya kazi reli maisha yake yote. Bati lilikuwa linavuja na baba alikwenda kulitengeneza kabla mvua hazijaanza.

"Amesemaje?"

"Amesema nimpe panadol alale, asubuhi ataamka mzima. Anasema mguu wake yeye ulikuwa mbaya kuliko huu na umepona."

Maneno hayo yaliniingia akilini. Nani angefikiri vingine? Kidonda cha baba tulikuwa tumekiona wote.

Asubuhi mama alipofunua shuka alikuta mguu umebadilika rangi. Jirani mwenye pikapu akawaleta Mikumi. Niliwapokea mlangoni pa hospitali, na nikauona ule mguu. Ulikuwa umevimba mpaka pajani, ngozi imekuwa ya zambarau, ina malengelenge makubwa. Ule mkwaruzo wenyewe sikuuona tena. Mdogo wangu alikuwa na akili zake timamu. Alinishika mkono, vidole vyake vimepoa, akaniambia, "Dada, usikubali wanikate mguu."

"Hawakukati," nilimjibu, bila kujua lolote.

Walimwingiza chumba cha upasuaji. Wauguzi walikuwa wanatoka na kuingia haraka, hawatutazami usoni. Kabla ya magharibi alikuwa ameshafariki.

Daktari aliyetuletea taarifa alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani. Alikaa na sisi kwenye benchi. Baadaye, kwa sauti ya chini kabisa, alituomba ruhusa. Alisema wapo kwenye uchunguzi wa vidonda vinavyoharibika, na wakati wa upasuaji walikuwa wamechukua majimaji kidogo kwenye mguu wa marehemu. Je, tungekubali yapelekwe maabara kubwa yakachunguzwe? Alikumbuka kwamba hata baba, alipokuja na kidonda chake, alikubali kuchukuliwa usaha. Mama aliitikia kwa kichwa. Sidhani kama alisikia alichoulizwa.

Tulimzika Ruaha. Baba alifika kutoka Kilosa na nguo zake za kazi, vumbi la kutu ya bati bado limemganda kwenye nywele. Aliingia kaburini mwenyewe kumpokea mwanawe. Alipotoka alikuwa mtu mwingine. Jioni ile, ndugu wamejaa uani, alisimama mbele ya mama aliyekuwa amekaa mkekani.

"Mimi nilikatwa na panga mpaka mfupa, na nipo," alisema. "Mtoto kakwaruzwa na jani, kafa. Wewe ulikuwa unaangalia nini humu ndani?"

Shangazi zangu walitazamana, na mmoja akaguna. Nilimsubiri mama aseme. Nilimsubiri ataje ile simu. Alivuta kanga yake, akafunika kichwa, akaingia jikoni.

Nilimfuata.

"Mama, kwa nini humwambii alichokujibu kwenye simu?"

"Nyamaza."

"Watu wanakuona wewe ndiye..."

"Waache wanione." Alikuwa anapuliza moto, macho yamejaa moshi na machozi. "Baba yako namjua. Akikosa mtu wa kumlaumu atajigeukia mwenyewe, na hatapona. Mimi naweza kubeba. Yeye hawezi."

Lakini na mama alikuwa binadamu. Baba hakuacha. Chumvi ikizidi kwenye mboga, aliingiza maneno ya mtoto. Mlango ukisahaulika wazi, maneno ni yale yale. Baada ya arobaini mama alifunga nguo zake akaenda Tindiga, kwa kaka yake, kwenye mashamba ya mpunga alikozaliwa. Hakupewa talaka wala hakuidai. Alikwenda tu.

Mvua zilikuja, zikaisha, miwa ikarefuka tena, ndipo yule daktari aliponipigia. Majibu yalikuwa yamerudi. Alisema angependa kuongea na wazazi. Nilimwambia mama yuko mbali na hataki kusikia habari za hospitali. Baba alikataa kwanza, kisha siku moja akaniambia, bila kunitazama, "Twende tukasikie."

Daktari alimwamkia, "Shikamoo, mzee," akamvutia kiti. Baba aliitikia marahaba, akaweka kofia yake juu ya goti.

"Kidonda chako na kidonda cha binti," daktari alianza, "tumekuta bakteria wa jina moja."

Baba alishtuka. "Mimi nilimwambukiza?"

"Hapana, mzee. Hilo ndilo nililotaka ulielewe. Jina ni moja, lakini hawakuwa wale wale. Kila bakteria ana vinasaba vyake, yaani maagizo anayoyarithi, ya kumwambia atengeneze nini. Wale wa kwako hawakuwa na mengi. Walijua kuzaliana na kutunga usaha. Wale wa binti walikuwa na vinasaba vya ziada. Vingine vya kutengeneza sumu inayoua nyama, vingine vya kuwaficha ili kinga ya mwili isiwatambue. Ndiyo maana ngozi ilionekana nzima huku ndani kunaharibika. Ndiyo maana maumivu yalikuwa makubwa kuliko kidonda."

"Kama miwa," baba alisema. "Yote miwa, lakini mbegu hii si ile."

"Ni kama hivyo."

"Kwa hiyo ukubwa wa kidonda..."

"Haukuwa na maana kubwa. Mwili wa mtu nao una mchango wake, siwezi kusema ni vinasaba vya bakteria peke yake. Lakini kwa sehemu kubwa tofauti yenu ilikuwa hapo."

Baba aliikunja ile kofia, akaikunjua. Kisha akauliza swali ambalo sikutaka aulize.

"Angeletwa jioni ile ile?"

Daktari hakuharakisha. "Nitakuwa mwongo nikisema kuwahi hakusaidii. Kunasaidia baadhi ya watu. Kwa bakteria wa aina ile, wengine wanakufa hata wakilazwa saa ile ile. Kwa binti yako sijui, mzee. Na hakuna mzazi ambaye angeweza kujua kwa kuutazama ule mkwaruzo."

"Mama yake alinipigia," baba alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Alinipigia nikiwa juu ya paa. Mimi ndiye niliyesema panadol. Mimi ndiye niliyesema alale." Alinigeukia. "Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, baba."

"Na yeye hakusema."

"Hakutaka kusema."

Alilia pale pale, mbele ya daktari, mikono imelala mapajani kama ya mtu asiyezoea kulia.

Tulikwenda Tindiga mimi na yeye. Mama alikuwa anapepeta mpunga nyuma ya nyumba. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akatuletea maji ya kunawa na chakula kabla ya kuuliza tulichofuata. Baba alimweleza yote, ya sumu, ya mbegu tofauti, kisha akasema, "Nimekutwisha mzigo wangu. Nisamehe."

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Nilishakusamehe kabla hujaniomba," alisema. Halafu akanigeukia mimi. "Hao bakteria walitoka wapi?"

Hilo nilikuwa nimelisikia kwa daktari. "Wanaweza kukaa kooni au kwenye ngozi ya mtu mzima, asiumwe chochote. Walikotoka haijulikani."

"Juma lile koo lilikuwa linaniuma," alisema polepole. "Na ule mguu nilimkanda mimi, kwa mkono wangu."

"Usianze," baba alimkatiza. Hakusema kwa ukali. "Nakuomba, mama watoto, usianze. Nyumba nzima tulikuwa tunanywea kikombe kimoja."

Mama aliuchukua ungo wake akarudi kupepeta, na baba akabaki amekaa pale mpaka gari la mwisho lilipokaribia kupita.

Mama hakurudi Ruaha kuishi. Kila mwaka akishavuna anakuja kaburini. Baba anakuwa ameshafyeka majani na kunyoosha udongo. Wanaomba dua, kisha wanakaa kivulini pembeni ya nyumba wakinywa chai, kila mmoja kwenye kiti chake, kama wakwe.

"Mpunga umekubali mwaka huu?" baba anauliza.

"Kiasi. Maji yalichukua upande wa bondeni."

"Na afya?"

"Nashukuru. Na huo mguu wako?"

"Unauma baridi ikiingia, basi."

Kisha mama anasimama, anajifunga kanga yake, na baba anamsindikiza mpaka barabarani amchukulie kiti cha dirishani kwenye gari. Sijawahi kumuuliza yeyote kati yao kama atarudi.