Kioo Nilichokipachika Mwenyewe

Shule niliishia darasa la pili, ila kwa kurusha mawe hanishindi mtu. Jumapili hii, hapa kwetu Usagara, nilimlenga mbuzi aliyekuwa anatafuna mihogo yangu, nikapasua dirisha la gari la mkwe wangu. Ni pikapu yenye kijumba mgongoni, akisafiri analala humo.

Mkwe ajue ni mimi? Thubutu! Yeye na binti yangu walikuwa kanisani. Nikakimbilia kwa fundi vioo, akanikatia kingine, nikakipachika mwenyewe kwa mpira na maji ya sabuni. Kilitaka kusukumwa kutoka ndani, basi nikapanda, nikapiga magoti palipo laini, nikasukuma mpaka kikakaa. Nikakifuta kikang'aa.

Ndipo nikatazama chini. Nipo juu ya kitanda cha mkwe! Kwetu mama mkwe hata mlango wa chumba anacholala mkwe hausogelei. Mara nikasikia sauti zao uani. Nikajilaza, nikajifunika shuka lake. Lilikuwa fupi, miguu ikabaki nje.

"Mke wangu, njoo uone, kioo kimekuwa kipya!" Mkwe akachungulia.

"Shikamoo, mama."

Nikajibu humo humo ndani ya shuka: "Marahaba, baba."