Rangi za Ng'ombe wa Mageni

Fikirini bin Majaliwa, karani na mkalimani wa baraza la mtemi wetu, alikuwa mtu wa mjini. Alizaliwa Tabora, akaja Usukuma mwaka 1931 na mwandiko mzuri kuliko wa mtu yeyote kati ya Shinyanga na Geita. Namsifu kwa haki tu, maana majivuno yake yalinichosha. Kisukuma alikisema vizuri, ila ng'ombe kwake alikuwa kitoweo.

Ndiyo maana, mjane Mageni alipoibiwa na Jilala akashukiwa, karani aliandika: "Jilala ameiba ng'ombe wanne." Basi. Hakuandika rangi, wala pembe, wala siku. Kwetu mtu huuliza rangi ya ng'ombe kabla hajauliza jina la mwizi! Lakini wazee wa baraza hawakujua kusoma, na Jilala akapewa miezi sita, mwisho wa uwezo wa baraza lile. Kisha Maganga, mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji chetu, akaingia zizini kwa Jilala kuchukua ng'ombe wanne. Wepi? Karatasi haikusema. Akachagua walionona, akawaweka zizini kwake, eti mpaka mambo yatulie. Mageni hakuonyeshwa hata mkia.

Ndugu yake Jilala akakata rufaa kwa Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya, kule Shinyanga. Jibu likaja kwamba Bwana Shauri atafika mwenyewe kuisikiliza.

Yaliyotokea asubuhi ya siku hiyo Fikirini alinisimulia miaka mingi baadaye, nyumbani kwake Ngokolo. Maganga alimkuta peke yake na kitabu cha baraza.

"Shikamoo, mwanangwa."

"Marahaba. Karani, shitaka lako lina tundu. Bwana Shauri akiuliza ni ng'ombe gani, utamjibu nini? Atakufukuza kazi leo leo."

Maganga akamtajia rangi za wale ng'ombe wa Jilala waliokuwa zizini kwake, mmoja mmoja. Mwisho wa mstari palikuwa na nafasi ya kutosha. Fikirini aliogopa kurudi Tabora mikono mitupu, akachovya kalamu, akaandika: weusi watatu, na mmoja wa madoa.

Adhuhuri baraza lilijaa. Mimi nilikaa safu ya tatu. Jilala aliletwa na pingu, amekonda, macho yamemtoka. Bwana Shauri akasoma shitaka kwa Kiswahili, akatikisa kichwa kuridhika. Nikajua mtu amekwisha.

Kisha Bwana Shauri akamwita Mageni. "Mwambie ataje ng'ombe wake."

Mageni hakujua Kiswahili, Bwana Shauri hakujua Kisukuma. Fikirini akamgeukia mjane.

"Mayu, anataka uwataje ng'ombe wako."

Mama yule akawataja kama anayewaita wanywe maji: mweupe mwenye masikio meusi, wekundu wawili, mmoja wao kavunjika pembe ya kushoto, na mtamba wa kijivu. Mweusi hakuwamo hata mmoja.

 Sote tulikuwa tumesikia, na waliojua Kiswahili walikwishasikia pia yaliyosomwa kitabuni. Lakini nani angefungua mdomo, mtemi ameketi pale na mwanangwa wake kando? Nami nilijua, nami nilinyamaza. Mpaka leo naona aibu. Maganga alikohoa, akamkazia macho karani.

"Amesema nini?" Bwana Shauri akauliza.

 Kurudia yaliyoandikwa kitabuni kulitosha kumwokoa karani, na Jilala angerudishwa kifungoni.

"Anasema mmoja ni mweupe, Bwana, masikio meusi. Wawili wekundu, mmoja wao kavunjika pembe ya kushoto. Wa nne mtamba wa kijivu."

Bwana Shauri akarudi kitabuni. Akaweka kidole juu ya mstari, akakiinua kitabu karibu na macho. Wino wa mwanzo ulikuwa umefifia, wa mwisho ulikuwa bado unang'aa.

"Shitaka hili ni bovu," alisema. "Hukumu naifuta. Mfungueni huyu, arudishiwe mali yake."

Pingu zikafunguliwa. Jilala akabaki amesimama, haamini, anajisugua mikono.

"Sasa waulize watu wote hapa: nani ameongeza rangi hizi kitabuni?"

Kazi ya mkalimani ni kutafsiri kila neno. Fikirini akatugeukia, akauliza swali lile kwa Kisukuma, kwa sauti kubwa, bila kupunguza kitu. Akangoja. Maganga alitazama miguu yake. 

Karani akamgeukia Bwana Shauri, akavua kofia.

"Ni mimi, Bwana."