Mtu Nyuma ya Kabati

Nilikuwa mwaka wangu wa nne kazini kijijini Nassa, Sista alipovunjika nyonga. Alikuwa Mhispania mwenye miaka themanini na ushei, mkunga aliyezalisha karibu nusu ya kata. Mimi ni muuguzi wa serikali, Mwislamu wa Muheza. Mume na watoto walibaki huko. Nilikwisha andika barua tatu za kuomba uhamisho, na zote zilijibiwa kwamba nisubiri apatikane wa kushika nafasi yangu. Nyumba ya Sista ilikuwa nyuma ya zahanati, hivyo nikawa napita asubuhi na jioni kumwosha na kumgeuza.

Hakutaka mlango wake ufungwe. Mbuzi waliingia, vumbi liliingia, na nikiusogeza kidogo tu aliniambia niuache. Siku moja seremala alileta kabati la kuwekea dawa. Alipolisukuma hadi ukutani, Sista akaanza kutetemeka. Akamwambia kwa Kisukuma alitoe, na fundi alipokawia akamrushia kikombe. Fundi akaondoka na kabati lake, akinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemfukuza.

Nilikaa kitandani kwake hadi akatulia. Ndipo akanieleza.

Kwao kulikuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe kabla hajazaliwa. Baba yake alikuwa karani wa kijiji, upande ulioshindwa. Majenerali walioasi waliposhika nchi, watu wa namna yake walikuwa wakichukuliwa majumbani na kupigwa risasi. Mama yake akatangaza kwamba mumewe amekufa vitani. Kumbe mama mwenyewe alikuwa amejenga ukuta wa pili jikoni, nyuma ya kabati la vyombo, akaacha nafasi ya mtu kusimama au kulala kwa ubavu. Baba aliishi humo miaka thelathini.

"Mimi nilizaliwa mwaka wa tano," Sista akasema. "Sasa fikiri, mwanangu. Mwanamke mjane, anapata mimba."

Kijiji kilimwita malaya. Wanawake walimtemea mate kisimani, na kanisani alikalishwa benchi la nyuma. Hakujitetea, kwa sababu kujitetea kungemuua mumewe.

Sista alikua akijua hana baba. Alipokuwa na miaka saba alirudishwa kutoka shuleni mchana na homa, akamkuta jikoni mwanamume mweupe kama chokaa anamenya viazi. Mama yake akafunga mlango, akamwambia huyo ni baba yake, na akimtajia mtu yeyote, hata padri, atauawa. Wiki iliyofuata alikuwa na maungamo yake ya kwanza. Alipiga magoti mbele ya padri, akaficha. Watoto waliendelea kumwita mwanaharamu mbele ya dirisha la jikoni, naye alijua baba yake yuko hatua tano, anasikia.

"Watu hudhani niliitwa na Mungu," aliniambia. "Labda. Lakini kwanza nilitaka kutoka. Nilipofika huku nikaona mbuga haina ukuta hadi macho yanachoka, nikalia."

Alikuwa bado mgeni huku serikali ya kwao ilipotangaza msamaha kwa makosa ya vita vile. Mama yake akamwandikia kwamba baba ametoka. Lakini baba alifika mlangoni tu, jua likampiga usoni, akarudi ndani. Aliendelea kulala nyuma ya kabati mpaka alipokufa. Sista hakumwona tena.

Mwezi uliofuata wakuu wa shirika lake walitaka arudishwe Uhispania, kwenye nyumba ya masista wazee. Waliomba nijaze fomu ya hali yake. Sista alisikia, akanishika kifundo cha mkono.

"Andika kwamba naweza kukaa hapa. Wewe unajua kufungiwa ni nini."

Nilijua; nilikuwa bado nasubiri uhamisho. Lakini vidonda vya kulala vilikuwa vimeanza mgongoni, na akinamama wenye uchungu wa kuzaa walipokuja wawili watatu kwa pamoja, Sista alikaa saa nyingi bila mtu wa kumgeuza. Fomu ilikaa mezani siku mbili. Siku ya tatu niliandika ukweli, kwamba anahitaji matunzo tusiyoweza kumpa. Nikampelekea aisome kabla sijaituma, maana nilishindwa kuifanya kwa siri. Alisoma polepole, akanirudishia.

"Mama yangu naye alikuwa na mikono kama yako," akasema. "Alijenga vizuri sana."

Niliendelea kumwosha kama kila siku, na tangu hapo hakuniomba kitu.

Siku gari lilipokuja, wanawake walijaa uani tangu alfajiri, na waliimba hadi vumbi la barabara ya Mwanza likatua. Mimi nilikuwa ndani natoa shuka.

Baada ya miezi michache sista kijana wa kule alinipigia kwa video. Chumba kilikuwa kisafi, dirisha limefungwa kwa ajili ya baridi. Sista mwenyewe alinitazama asinitambue, akasema kitu kwa Kisukuma. Yule kijana akaniuliza maana yake kwa Kiingereza, kwa sababu Sista anakirudia kutwa kwa kila anayeingia. Kisukuma changu hakikutosha. Nikampa simu mama anayefanya usafi wodini.

Alisikiliza, akafuta macho kwa kanga.

"Anauliza leo nani yuko leba."

Kisha akaisogeza simu karibu na mdomo, akaanza kumtajia, mmoja mmoja.