Fundi Ditram na Prosesa Isiyong'oka

Ditram aliishia darasa la saba. Alianza kwa kutengeneza redio, kisha kompyuta, kwenye kibanda chake Kilosa, na kwa miaka kumi na sita hakuna aliyemsikia akipandisha sauti. Mteja akimgombeza, huinamia kazi. Lakini siku ile, kule kijiji cha Ulaya, hukohuko Kilosa, alichemka.

Kikundi cha wakulima kilikuwa na kompyuta ya zamani. Prosesa yake, ule ubongo wa kompyuta, ilikuwa na nguvu, ila ilipata moto kama jiko, feni ikiunguruma, na betri ya sola ikiisha kabla ya adhuhuri. Ditram akawashauri wachukue kompyuta ya kizazi kipya: kiboksi cha chuma, hakina feni, kinakula umeme kidogo. Wakamtuma, akakileta. Wiki ya tatu wakamwita. Asubuhi kilifanya kazi vizuri; ikifika saa nne kinajikokota.

Mzee Gabrieli, mwenyekiti, hata shikamoo ya Ditram hakuiitikia. "Prosesa yetu mpya umemuuzia nani?" aliuliza mbele ya wanachama.

"Katuwekea ya redio!" mmoja akadakia. Wakacheka.

Ditram, masikio yakimwaka, akaiendea meza. Kiboksi kilikuwa kimefunikwa kitambaa kinene cha kufuma. Akakivuta kitambaa, akagusa chuma, akarudisha mkono haraka.

"Nani kakifunika?"

"Mimi," alisema Scholastica, katibu. "Nazuia vumbi."

"Dada, hiki kinapoa kwa hili ganda lake. Ukikifunika kinapata joto, na prosesa inajipunguzia mwendo isiungue. Ile ya zamani ingepuliza tu na kuwamalizia betri."

Akafungua skrubu, akainua bamba la kupozea. "Mzee, sogea uone. Ile ya zamani ilikaa kwenye soketi, unaitoa kwa vidole. Ningekuwa mwizi ningeiba ile! Hii imelehemiwa kwenye bodi hukohuko kiwandani. Mimi mwenyewe naichukia kwa hilo, maana ikifa siwezi kuibadilisha. Sasa niambieni, nimeing'oa kwa meno?"

Hakuna aliyecheka. Mzee Gabrieli akakohoa. "Basi, fundi, yaishe. Mleteeni soda."

"Soda sitaki. Leo nimezomewa tangu niliposhuka kwenye pikipiki. Jumamosi ni gulio, mzee. Utasimama katikati ya watu, useme Ditram hakuiba."

Mzee aliwatazama wanachama. Wote waliangalia chini.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Watu wakishajaa."