Fundi wa Murara anayebeba bunduki za mchezo vipande vipande

Saa tatu asubuhi jua limeshapanda juu ya mtaa wa Murara, mjini Goma, lakini chumbani kwa Nyiramahirwe Sylvie bado ni giza. Ameziba dirisha kwa blanketi. Ameketi juu ya bidoni la maji, bunduki ya plastiki mkononi, mbele ya televisheni ya zamani, ile yenye kisogo kirefu.

Kwenye kioo sahani inaruka. Anavuta kifyatulio, sahani inapasuka. Anavuta tena, inapasuka tena. Hafurahi. Anailaza bunduki mapajani na kuitazama kama mama anavyomtazama mtoto aliyemdanganya.

"Hapa kwangu inapiga," anasema. "Ikifika kule, inakataa. Hii ni mara ya tatu."

Kule ni Birere, kwa Kamate, mwenye chumba cha michezo ambako vijana hulipa kidogo na kulenga shabaha kwenye televisheni. Kamate amempa hadi Jumamosi. Bunduki zisipopona, atauza mashine pamoja na televisheni kwa mnunuzi anayetafuta shaba iliyomo ndani.

Kabla ya vita kuingia mjini Januari, Sylvie alikuwa na wateja wa namna hiyo wanne. Wawili walikimbia mji, wa tatu aliibiwa kila kitu. Amebaki Kamate. Zamani alitengeneza bunduki kumi kwa mwezi. Sasa ni mbili, faranga elfu tano kila moja, na nyumba anailipia dola kumi na tano kwa mwezi.

"Kamate akifunga, miye ni fundi wa nini?" anauliza.

Ana miaka thelathini na minane. Alizaliwa Kibumba, wanakolima viazi na kabichi. Mwaka 2012 alikimbia vita na binti yake Daniella mgongoni, wakaishia kambini Mugunga. Kutoka huko alipata kazi ya kufagia chumba cha michezo cha Hassani, mfanyabiashara mwenye asili ya Maniema.

"Papa Hassani hakunifundisha," anasema. "Alikuwa anatengeneza, miye nafagia polepole. Siku moja akaniuliza, 'Mama Daniella, hapo chini ya meza pamekuwa safi tangu asubuhi, unatafuta nini?' Nikamwambia natafuta kuona. Akacheka, akanipa tournevis, bisibisi yake."

Alichokiona ni hiki. Bunduki hizi hazitoi kitu. Ndani ya mtutu mna jicho dogo linalotazama. Ukivuta kifyatulio, kioo chote kinakuwa cheusi kwa kufumba na kufumbua, kisha doa jeupe linawaka mahali pa shabaha. Jicho likiona giza halafu mwanga, umepata. Likiona mwanga wakati wa giza, mashine inahesabu umekosa.

Kwa hiyo anaanza na rahisi. Anafuta jicho kwa pamba, maana vumbi jeusi la Goma huingia kila mahali. Anakunja waya kidogo kidogo kutafuta palipokatika. Anabonyeza kifyatulio sikioni, asikie kama kinalia. Bunduki ya Kamate imepita yote hayo mara tatu.

Vijana wa Kamate humletea bunduki nyumbani, na huzileta vipande: mtutu katika mfuko mmoja, mshikio katika mwingine, katikati ya vitunguu au nguo chafu. Ni Sylvie aliyewazoesha hivyo, tangu Februari.

"Nilikuwa narudisha moja, nzima, ndani ya sakoshi. Kwenye barrière, askari wanaposimamisha watu, wakafungua. Balinilalisha chini, uso kwenye mawe, karibu saa nzima. Kisha mumoja akaivuta, ikalia tik. Akacheka. Miye sikucheka."

Tangu siku hiyo hakanyagi kwa Kamate. Kazi yote huifanya hapa, kwenye giza lake.

Saa nne, siku hiyohiyo ya Alhamisi, Kamate anabisha hodi mwenyewe, jasho usoni.

"Mama Daniella, unanichezea," anasema kabla ya kukaa. "Vijana wangu wanasema unakula franga za bule."

"Papa Kamate, kaa, upige."

Anakaa, anapiga. Sahani tano, zote zinapasuka. Anaguna. "Basi ni mashine yako inaipenda. Yangu haiipendi."

"Mashine haina moyo. Kwako kuna kitu."

"Kwangu kuna hasara. Ukuje uione."

Sylvie anachukua bisibisi. Kisha anaifungua bunduki, mtutu kwenye kikapu cha sombe, majani ya mihogo, mshikio kwa Kamate, nao wanaondoka kila mmoja na njia yake.

Huko Birere hagusi kitu. Anaomba kigoda, anakaa nyuma ya vijana na kutazama. Nusu saa inapita. Saa inapita. Vijana wanakosa, wanatukana, wanakosa tena. Mmoja anamwambia, "Mama, cinéma imeisha, unaweza kwenda." Mara kijana huyohuyo anapata sahani tatu mfululizo, kisha anaanza kukosa upya.

Sylvie anatazama juu.

Mabati yana matundu ya risasi za Januari. Jua linashuka kupitia humo kama nyuzi na kutua kwenye kioo cha televisheni. Wingu likipita, bunduki inapata. Jua likirudi, jicho linaona mwanga wakati wa giza, na mashine inahesabu kosa.

"Papa Kamate, haya matundu hayakuwa yamezibwa?"

"Niliweka bâche juu, turubai, sababu ya mvua. Mvua ilipoisha, nikampa dada yangu Wivine aezekee huko Kibumba."

"Na bunduki zilianza kukataa lini?"

Kamate anahesabu kwa vidole, anaacha katikati. Anatoka nje. Baada ya dakika chache anasikika juu ya paa, akipaka lami, akiwafokea vijana wamshikie ngazi vizuri. Chumba kinaingia giza, tundu baada ya tundu. Kamate hakuomba msamaha, na mnunuzi wa shaba alipopiga simu jioni aliambiwa asije.

"Kosa ni langu," Sylvie anasema akiwa amerudi nyumbani, akisugua magoti. "Nilitengeneza mara tatu kitu kizima, sababu niliogopa kutembea. Nimechoka kutengeneza kitu bila kuona mahali kwenye kinafanya kazi."

Ndiyo maana anataka karatasi ya mkuu wa mtaa ya kuonyesha kwenye barrière, yenye muhuri, inayosema yeye ni fundi na anachobeba ni mchezo. Ameshakwenda mara mbili. Karani alimwambia hawezi kuandika juu ya kitu asichokiona, alete bunduki moja, nzima, ofisini. Sylvie alimuuliza ataipitishaje kwenye barrière bila karatasi. Karani alisema hilo si swali la ofisi.

Jumatatu atarudi, mikono mitupu, kumwomba karani aje kwake Murara. Ni mwendo wa robo saa kwa miguu.

"Nitamupa bidoni akae," anasema, akilitundika blanketi vizuri dirishani. "Apige sahani mbili, tatu. Akitaka kumi, apige kumi. Muhuri akuje nao mufukoni."