Jicho Hai Hushtuka

Wagonjwa wa kliniki yetu ya macho walimwita Dada Picha, na baada ya muda hata daktari mkuu akasahau jina lake la kwenye karatasi za ajira. Kazi yake ilikuwa kupiga picha macho. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, hakina dirisha, mlangoni kumening'inia pazia zito jeusi. Mgonjwa aliweka kidevu kwenye kile kikombe cha plastiki, akaegemeza paji la uso kwenye mkanda, naye akamwambia maneno yale yale aliyoyasema mara arobaini kwa siku: "Tazama taa ya kijani. Usipepese. Haya, pumzika." Mimi nilikuwa karani wa mafaili, mlango wa pili kutoka kwake, na kwa miaka kumi na mmoja tulikunywa chai pamoja. Haya ninayoyasimulia mengine niliyaona kwa macho yangu, mengine alinieleza mwenyewe kidogo kidogo, kama mtu anayejitoa mwiba.

Hakuwa na shule ndefu. Baba yao alifariki yeye akiwa na miaka kumi na sita, mama yao alikuwa mtu wa pumu, na nyuma yake kulikuwa na mdogo wake wa kiume, tumbo moja, wa miaka saba. Akaja kliniki kufagia. Mashine ya picha alijifunza kwa kumtazama mzee aliyekuwa akiiendesha, na mzee alipostaafu hapakuwa na mwingine aliyejua kuigusa. Mdogo wake ndiye aliyesoma. Mtaani walimwita Waya, kwa sababu tangu utotoni alikuwa akifungua kila kitu chenye waya, akamaliza chuo cha ufundi na kufungua kibanda cha kutengeneza simu. Dada Picha alimpenda kama mtoto wake wa kumzaa. Akimtaja, sauti yake ilibadilika.

Mambo yalianzia kwenye kosa langu. Siku moja walikuja wagonjwa wawili wenye jina moja, wote wazee, wote wakisubiri kutolewa mtoto wa jicho, nami nikabadilisha mafaili yao. Mmoja alikuwa ameshavalishwa gauni la upasuaji. Dada Picha alipita na karatasi zake, akatupa jicho kwenye picha iliyokuwa juu ya faili, kisha akamtazama mzee usoni, akasimama.

"Huyu siye," alimwambia daktari. "Jicho hili si la picha hii."

Daktari alitaka kumcheka, lakini walipoangalia vizuri walikuta kweli. Mzee yule angepasuliwa jicho zima, bovu likaachwa. Mimi niliponea chupuchupu kufukuzwa. Jioni nilimuuliza alijuaje, akanishangaa mimi kwa kutojua. Aliniambia lile duara la rangi linalozunguka kiini cheusi cha jicho lina nyuzi, vishimo na mikunjo, na kwamba katika maelfu ya macho aliyoyapiga picha hajawahi kuona mawili yaliyolingana, hata ya mapacha, hata la kulia na la kushoto la mtu mmoja. Kwake yeye kuwachanganya wale wazee ilikuwa kama kuchanganya mwendazimu na askari.

Jumapili iliyofuata alimsimulia Waya. Waya akasema kama jicho linamtambulisha mtu hivyo, basi kila mtu anatembea na namba ya siri usoni, na kilichobaki ni simu kuweza kuisoma. Wakaanza. Kila jioni baada ya kazi alipitia kibandani kwa mdogo wake na daftari la kurasa za mistari, akiandika tarehe, walichojaribu, na kilichoshindikana.

Kilishindikana karibu kila kitu. Kamera ya simu ilipotazama jicho jeusi kama letu ililiona kama shimo la lami, halina nyuzi wala mkunjo. Waya alikata tamaa. Dada Picha ndiye aliyemwambia kwamba mashine ya kliniki ina mwanga mwingine usioonekana, wa aina ile inayotoka kwenye rimoti ya televisheni, na kwamba chini ya mwanga huo jicho jeusi hufunguka kama udongo uliomwagiwa maji. Waya akang'oa balbu ya rimoti, akaitia lehemu pembeni ya kamera, akatoa na kile kioo chembamba kinachozuia mwanga huo kuingia. Picha ya kwanza waliyoipata ilikuwa ya jicho la dada yake. Dada Picha aliniletea kazini niione. Sijawahi kumwona akitembea vile, utadhani korido ni yake.

Halafu wakajaribu kuidanganya. Waya alichapa picha ya jicho kwenye karatasi, akaisogeza mbele ya simu, na simu ikafunguka. Kazi ya mwaka mzima ikawa bure, maana mwizi mwenye picha angeingia popote. Wiki mbili Dada Picha hakuligusa daftari. Siku moja akiwa kazini alimulika jicho la mgonjwa, kiini cheusi kikajikunyata kama kawaida, naye akabaki ameshika tochi. Mgonjwa akamuuliza kama kuna tatizo. Jioni ile aliandika daftarini sentensi ambayo niliisoma mwenyewe: *Jicho la picha halishtuki. Jicho hai hushtuka. Simu imulike kidogo, ipige picha mbili, kabla na baada, ipime kiini kimesogea kiasi gani.*

Hiyo ndiyo iliyokuwa roho ya kifaa. Mengine yote watu walikuwa wameshayafikiria mahali pengine kwa njia zao. Hili alilifikiria yeye, kwenye chumba kisicho na dirisha.

Waya akakipeleka kifaa kwenye kampuni moja ya simu. Wakakipenda. Wakasema kwanza iombwe hataza, ile hati inayotangaza kwamba uvumbuzi huu ni wa fulani na mwingine asiuguse bila ruhusa. Waya alirudi akamwambia dada yake kwamba fomu ina haraka, na wakubwa wanaona itakuwa rahisi likiandikwa jina moja, la mtu mwenye cheti cha ufundi. "Mimi na wewe ni kitu kimoja," alimwambia, na akaahidi kwamba mengine watayarekebisha baadaye. Dada Picha hakusaini kitu wala hakuombwa. Alifurahi. Alimfulia shati la kwendea.

Baadaye haikufika. Waya alichukuliwa na kampuni, akahamishiwa makao makuu, nchi nyingine. Simu zake zilikuja kila siku, kisha kila Jumapili, kisha sikukuu. Alimjengea mama nyumba yenye vigae, na mama akawa hamalizi sentensi bila "mwanangu mvumbuzi". Dada Picha aliendelea na taa yake ya kijani. Simu yenye kifaa kile ilipotoka, kampuni iliweka bango kubwa mkabala na geti letu, uso wa msichana anayecheka, na chini yake: *Jicho hai halidanganyi.* Alipita chini ya bango lile asubuhi na jioni kwa miaka minne. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Huyu alichumia gizani, na kivulini wakaketi wengine.

Kilichomchoma hasa ni gazeti. Mwandishi alimuuliza Waya wazo lilimjiaje, naye akajibu kwamba alikuwa akicheza na paka wao wa nyumbani, akaona macho ya paka yanavyobadilika kwenye mwanga. Dada Picha alinisomea kwa sauti, akakunja gazeti mara nne. "Kwetu hakujawahi kuwa na paka," alisema. "Mama akisogelea manyoya anabanwa na kifua." Nikacheka, nikadhani naye atacheka.

Mwaka wa sita kampuni nyingine ilidai kwamba wazo lile lilikuwa lao na walikuwa wamelianza zamani. Shauri likapelekwa mbele ya baraza la hataza. Kampuni ya Waya ikahitaji ushahidi wa tarehe, na tarehe zilikuwa mahali pamoja tu duniani: kwenye daftari la kurasa za mistari, kabatini kwa Dada Picha.

Waya akaja na wakili. Walikuja kliniki, saa ya chai, nami nilikuwepo kwa sababu Dada Picha alinishika mkono nisiondoke. Waya alikuwa amenenepa vizuri. Alimkumbatia dada yake, akamuuliza mgongo wake unaendeleaje. Wakili akatoa karatasi iliyokwisha chapwa, akasema panahitajika saini tu. Dada Picha akavaa miwani, akasoma polepole. Karatasi ilisema kwamba yeye ni msaidizi, na kwamba yaliyo daftarini aliyaandika kwa maelekezo ya mvumbuzi.

"Niliandika kwa maelekezo yako?" alimuuliza mdogo wake.

"Dada, hiyo ni lugha ya mawakili tu."

"Basi waibadilishe."

Wakili akaeleza kwa upole kwamba haiwezekani. Hataza iliyoficha mvumbuzi wa kweli inaweza kufutwa yote, na muda wa kurekebisha jina ulikuwa umepita zamani. Waya akaongezea kwamba ikifutwa na kazi yake imekwisha, na nyumba ya mama imo humo humo, kwa sababu ilijengwa kwa dhamana ya kampuni.

Dada Picha alivua miwani. "Nikuulize kitu kimoja, unijibu kama mdogo wangu. Ulipoandika jina lako peke yako, ulijua kuwa lile la jicho kushtuka ni langu?"

Namsifu Waya kwa hilo moja, hakudanganya.

"Nilijua," alisema.

Baadaye Dada Picha aliniambia kwamba kama Waya angejibu kuwa hakufikiria, au alisahau, au alikuwa kijana, yeye angesaini. Kalamu alikuwa ameshaishika.

Siku ya baraza alienda na daftari lake kwenye mfuko wa plastiki. Nilimsindikiza. Alipoulizwa ni nani aliyeandika, alisema ni yeye. Alipoulizwa wazo la kumulika jicho lilikuwa la nani, alisema ni lake, akaeleza siku, mgonjwa, na tochi. Hakumsema vibaya mdogo wake. Alisema balbu na lehemu zilikuwa za Waya, na bila yeye kusingekuwa na kitu. Waya alikaa mstari wa mbele, na kisogo chake hakikutikisika.

Hataza ilifutwa. Si kwa ajili yake. Baraza lilisema tu kwamba hati ilitolewa kwa maelezo yasiyo ya kweli, basi haipo. Kampuni ya pili nayo ilishindwa, kwa sababu daftari lilionyesha kuwa wazo lilikuwepo kabla yao. Uvumbuzi ukawa mali ya kila mtu, na sasa simu yoyote ya bei ndogo inamulika jicho na kupiga picha mbili. Waya aliachishwa kazi ndani ya mwezi. Nyumba ya vigae ikachukuliwa, na mama akahamia kwenye vyumba viwili vya binti yake, pamoja na makochi yasiyopita mlangoni.

Mama aliishi pale miaka miwili. Aliomba dawa, aliomba maji, na mengine hakusema. Mara moja tu aliuliza, mbele yangu, akiwa ameelekea ukutani:

"Ungenyamaza ungekufa?"

Dada Picha alikuwa akimkunjia blanketi. Alimaliza kulikunja, akaliweka, akatoka nje kuanika nguo zilizokuwa zimeshakauka.

Waya alikuja kwenye mazishi ya mama. Alipokea rambirambi upande wa wanaume, dada yake upande wa wanawake, na walipokutana getini alimpa mkono, akamwambia, "Pole kwa msiba," kama jirani wa mtaa wa tatu. Kisha akaondoka. Nasikia ana kibanda tena, mji mwingine.

Juzi nilimtembelea Dada Picha, amestaafu sasa. Nilimuuliza swali ambalo nilikuwa nimelibeba miaka yote, kama anajuta. Alivuta uzi kwenye kitambaa cha meza.

"Nilitaka wajue," alisema. "Na walijua. Saa nne na nusu asubuhi, watu kumi na wanne ndani ya chumba. Mwenyekiti wa baraza akaandika. Halafu wakasema ni mapumziko, wakatoka kwenda kunywa chai."