Mkono wa Kogo Ndani ya Wimbo

Nakumbuka vizuri Jumapili ile, mwanangu, Kogo alipovua hedifoni kichwani, akaziweka mezani polepole kama mtu anayeweka yai, kisha akaniuliza swali ambalo linanifuata mpaka leo: "Mkono wangu uko wapi?"

Ngoja nianze mwanzo. Nyinyi vijana mnaokuja hapa kwangu Merigi na kompyuta mgongoni mnaniuliza jambo moja tu kuhusu hizi programu za kuunda sauti: nitumie sinthesaiza gani, mzee? Nichukue maktaba gani ya sauti? Mimi shule niliiacha darasa la sita. Cheti cha muziki sina, wala cha kitu kingine. Lakini tangu mashine za kuchuma chai zilipotunyang'anya kazi, ni hizi nyimbo ninazotengeneza nyumbani ndizo zimenilisha, na zinachezwa harusini kutoka Mulot mpaka Kericho. Kwa hiyo keti, chai iko, sikiliza.

Nilikuwa kijana wa kuchuma majani chai katika shamba kubwa upande wa Kericho. Baba alitoka Kisii kutafuta kazi hiyo hiyo, mimi nikazaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi. Nikampenda Chepkemoi, msichana wa hapa Merigi. Alikuwa amelelewa na bibi yake, ndiye huyo Kogo. Wakipsigis wanamwita bibi hivyo. Kogo hakunikataa, ila alinipa kazi. Kulikuwa na wimbo aliomlelea Chepkemoi tangu akiwa mchanga, na sasa magoti yake yalikuwa yamekataa safari.

"Siku ya harusi, mimi kanisa ya Bomet sitafika," akaniambia. "Wewe unasema unajua kompyuta. Beba sauti yangu, nimpeleke mtoto wangu mpaka mbele. Ukishindwa, ataingia kimya kama mtu hana kwao."

Unaona uzito wake? Haukuwa wimbo wa kujionyesha. Alikuwa bibi anataka kumsindikiza mtoto wake.

Hapo ndipo anapoingia Onchiri. Namtaja jina kwa sababu nimemsamehe nusu tu. Alikuwa na kibanda cha simu nyuma ya soko la Bomet, na tulitoka kabila moja, kwa hiyo nilimwamini kama ndugu. Akanitolea flashi. "Kaka, hapa ndani kuna okestra nzima ya Ulaya. Vinanda, tarumbeta, ngoma. Ukikosa sauti humu, hiyo sauti haiko duniani."

"Ni za halali?" nikamuuliza.

"Wacha ushamba! Kufuli zilishavunjwa. Nani ananunua maziwa na ng'ombe iko barabarani haina mwenyewe?"

Mwanangu, ng'ombe aliye barabarani ana mwenyewe. Ni vile tu hujamwona bado.

Nikaanza kuchagua. Kila Jumamosi tukimaliza kupima majani, nafungua sauti, nasikiliza, naiacha, nafungua nyingine. Kinanda cha mvua. Kinanda cha kioo. Ngoma za ukumbi mkubwa, ngoma za ukumbi mkubwa zaidi. Harusi inakaribia, sina hata ubeti. Wazee walisema mchagua jembe si mkulima, nami nilikuwa nimekaa kwenye rundo la majembe huku magugu yananifika kiunoni.

Mwishowe nikaenda kumrekodi Kogo kwa simu. Sasa, Kogo hakuwa mtu wa kukaa bure akaimba. Aliimba akitengeneza kibuyu cha maziwa tu. Unajua mursik, yale maziwa ya mgando, inavyotayarishwa: kijiti kinachomwa, halafu makaa yake yanasagwa ndani ya kibuyu kabla maziwa hayajamiminwa. Mkono unazunguka, kwaru-kwaru, kwaru-kwaru, na wimbo unapanda juu ya huo mkono. Nikarekodi yote. Nilipofika nyumbani, ile kwaru-kwaru nikaiona uchafu. Flashi ya Onchiri ilikuwa na kifaa cha kuosha kelele. Nikaosha. Nikamwaga okestra juu, nikaongeza ngoma, nikapiga tarumbeta tatu kwa pamoja. Onchiri aliposikia akasema, "Hii ni ya sinema, kaka!" Nami nikavimba.

Basi nikampelekea Kogo asikilize, ndiyo Jumapili ile. Mkono wangu uko wapi?

"Nilitoa kelele, Kogo," nikajibu.

"Kelele?" Akamgeukia Chepkemoi. "Umesikia? Huyu kijana ya ndizi ya Kisii ameita mkono yangu kelele."

Chepkemoi alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilitamani kuingia chini ya meza.

"Huyu mama anaimba hapa ndani, mimi simjui," Kogo akaendelea. "Ni kama wamemuosha wakamweka kwa sanduku. Na hawa watu ya tarumbeta, nani aliwaalika? Watakula nini?" Kisha akaacha utani. "Wimbo inatembea na mkono. Umetoa mkono, nitatembeaje? Rudisha. Ama usicheze hiyo kitu mbele ya mtoto wangu."

Nikarudi nyumbani kurekebisha. Nafungua kompyuta, giza. Naifungua tena, inaandika maneno nisiyoyajua, inazima. Zile programu za kufuli iliyovunjwa zilikuja na ugonjwa ndani, ukala kila kitu, hata sauti ya Kogo, maana kwenye simu nilikuwa nimeifuta nikidhani kompyuta inatosha. Nikakimbia Bomet. Kibanda kimefungwa. Onchiri, nasikia, siku hizi anauza kuku Mulot. Ukimwona, mwambie namsalimia nusu.

Mwalimu wa kwaya yetu ndiye aliyeniokoa. Aliniazima kompyuta yake nzee, yenye programu moja ya halali, na ndani yake sinthesaiza moja iliyokuja nayo bure. Moja tu! Nikapanda tena kwa Kogo, kichwa chini.

"Umekuja bila watu ya tarumbeta?"

"Walikufa wote, Kogo."

"Mungu ni mwema," akasema, akavuta kibuyu. Safari hii alinikalisha karibu, akanipa kibuyu kingine na kijiti, tukasaga pamoja huku simu iko katikati yetu. Nilipochelewa alinigonga goti. Nilipokimbia alinigonga lingine.

Ile kwaru-kwaru nikaikata vipande, ikawa ndiyo ngoma yangu. Na kwa kuwa sinthesaiza ilikuwa moja, sikuwa na pa kukimbilia. Nikajifunza kila kitufe chake. Hiki kinaamua sauti ianze ghafla au taratibu. Hiki kinaifanya iwe angavu au nzito. Nikaishusha, nikaitia mtetemo, nikaendelea kuhangaika nayo mpaka siku moja nywele zikanisimama: ilikuwa inavuma kama obokano ya baba yangu, kile kinubi kikubwa cha Kisii kinacholia kama nyuki ndani ya debe. Nikajua nimefika.

Siku ya harusi, Chepkemoi aliposimama mlangoni, spika zikaanza: kwaru-kwaru. Kisha sauti ya Kogo, pumzi zake zote, pamoja na kikohozi kimoja. Shangazi zake wakapiga vigelegele kabla hajamaliza mstari wa kwanza. Sinthesaiza ilipoingia chini, wajomba zangu kutoka Kisii wakainuka kama waliochomwa: "Obokano! Nani amekuja na obokano?" Wakaanza kutikisa mabega. Wakipsigis na Wakisii wakajaa njiani, bibi harusi akakosa pa kupita, pasta mwenyewe akawa anapiga makofi. Ikabidi wimbo urudiwe ndipo Chepkemoi afike mbele.

Jioni msafara wote ukapanda Merigi. Kogo alikuwa ameketi mlangoni na kibuyu kile kile mapajani. Tukamchezea wimbo. Akasikiliza mpaka mwisho, kidole kikizunguka hewani. "Huyu ni mimi," akasema. "Kongoi." Ndiyo asante yao. Akanimiminia mursik mimi wa kwanza, kijana wa ndizi.

Kwa hiyo ukiniuliza uchague ipi, mwanangu, jibu langu ni hili. Anza na moja, hata ya bure, mradi ni ya halali, uijue kama mchumaji anavyojua mchai wake. Tulichuma majani mawili na kichipukizi; aliyejaza kikapu kwa majani magumu, karani alimrudishia. Kabla ya kununua maktaba, uliza wimbo unahitaji nini, siyo flashi ina nini. Sauti ya nyumbani kwenu irekodi kwanza, na uiweke mahali pawili. Na usiache mbachao kwa msala upitao.

Nenda sasa, chai imepoa. Mungu akupe sikio la subira, akuepushe na kina Onchiri, na siku watu watakapoinuka kucheza wimbo wako, wausikie mkono wako ndani.